Ujumbe Nilioutuma kutoka Wete

Katikati ya mwaka 2021, nikiwa nyumbani kwetu Wete, kisiwani Pemba, nilimwandikia ujumbe mwanamke mmoja wa Mombasa ambaye wakati huo alikuwa akifanya kazi hotelini mjini Doha, na ujumbe huo ndio ulionipatia kazi katika nchi ambayo sikuwa na jamaa hata mmoja. Vijana wa kwetu bado huniuliza nilipitia kwa nani. Nikiwajibu kwamba nilipitia kwa mtu aliyewahi kuiona kazi yangu kwa wiki chache tu, wengi hudhani ninaficha jina la mjomba.

Kabla ya hapo nilifanya kazi katika hoteli ya ufukweni kaskazini mwa Unguja, upande wa mapokezi, zamu ya usiku. Mgeni anayefika usiku wa manane humwona kijana anayempa ufunguo akadhani kazi ni hiyo, lakini mzigo hasa wa zamu ile ni kufunga hesabu za siku: kulinganisha malipo ya vyumba na ya mkahawa, kutafuta kilichoingizwa mahali pasipo pake, kisha kuuvusha mfumo kwenye tarehe mpya kabla ya alfajiri. Tulitumia programu ya Opera, ambayo hutumika katika hoteli nyingi kubwa duniani. Machi 2020, ndege za watalii ziliposimama kwa sababu ya UVIKO-19, hoteli yetu ilifungwa. Zanzibar iliwapokea tena wageni kuanzia mwezi wa Juni, lakini si wafanyakazi wote tuliorudishwa, nami nikapanda meli kwenda kumsaidia baba kwenye karafuu.

Kwetu Pemba, mtu akienda Arabuni huenda kwa mtu wake. Ami yuko Maskati, shangazi yuko Dubai. Mama hupeleka salamu, salamu huzaa maulizo, na baada ya muda viza hupatikana. Njia hiyo imelea nyumba nyingi kisiwani wala siidharau hata kidogo. Jamaa zangu wa Oman, hata hivyo, walikuwa watu wazima wenye vijiduka, na hakuna miongoni mwao aliyejuana na meneja wa hoteli. Qatar nayo ilikuwa ikijiandaa kwa Kombe la Dunia la Novemba 2022, hoteli mpya zikifunguliwa, na matangazo ya kazi za mapokezi yalijaa katika LinkedIn, mtandao wa watu wa kazi ulioanza mwaka 2003. Niliomba nafasi nyingi kupitia matangazo hayo, na majibu yaliyorudi, pale yaliporudi, yalikuwa ya mashine.

Ndipo nilipomkumbuka yule dada wa Mombasa. Aliwahi kuletwa hotelini kwetu kutufundisha Opera, na usiku kadhaa alikaa nami zamu nzima akitazama ninavyofunga siku. Nilitafuta jina lake nikalikuta Doha. Wakati ule ujumbe ulioambatana na mwaliko katika mtandao huo haukuruhusiwa kuzidi herufi 300, nafasi zikiwemo, na kwa mtu aliyelelewa Wete hilo si jambo jepesi, kwa kuwa salamu zetu peke yake zinaweza kuimaliza nafasi yote. Niliandika, nikafuta, nikaandika tena, hadi nikabaki na haya:

«Assalamu alaykum Dada. Mimi ni yule kijana wa Pemba wa zamu ya usiku uliyemfundisha Opera. Hoteli yetu ilifungwa. Nimeona uko Doha. Sikuombi unitafutie kazi. Naomba ushauri wako, wasifu wangu uandikwe vipi ili mwajiri wa huko auelewe. Ahsante.»

Nilimsomea baba, naye hakufurahi. «Mke wa watu huyo,» akasema. «Hujamuuliza hali yake wala ya watoto wake, ushampa shida zako?» Nilimweleza kwamba nafasi ni ndogo na kwamba akijibu nitamjulia hali kama inavyopasa. Alinyamaza, nikautuma.

Jawabu lilikuja baada ya siku chache. «Wa alaykum salaam mdogo wangu. Nakukumbuka vizuri. Wewe ndiye uliyekataa kufunga siku mpaka tukajua kwa nini chumba kimoja kimelipishwa mara mbili.» Niliyasoma maneno hayo mara nyingi, kwa sababu usiku ule mimi mwenyewe nilikwisha kuusahau.

Baada ya kujuliana hali kwa urefu alianza kunihoji. Hoteli ilikuwa na vyumba vingapi? Usiku nilikuwa peke yangu au na mwenzangu? Umeme ukikatika katikati ya kufunga hesabu nilifanya nini? Nilizungumza na wageni kwa lugha gani? Majibu yangu ndiyo yaliyogeuka kuwa wasifu. Palipokuwa na cheo kitupu cha karani wa mapokezi, yeye alitaka paonekane kazi ya kufunga hesabu, jina la programu ya Opera, na lugha zangu, pamoja na Kiitaliano nilichokiokota kwa wageni, ambacho mimi sikukiona kuwa kitu. Wanaotafuta watu, alinieleza, huandika maneno machache katika kisanduku cha kutafutia, na asiye na maneno hayo katika ukurasa wake hatokei. Kisha aliniandikia pendekezo fupi lililoonekana hadharani chini ya wasifu wangu, akalitaja tukio la chumba kilicholipishwa mara mbili, na ndipo akampelekea jina langu meneja wa rasilimali watu wa hoteli yao.

Baadaye nilisoma kwamba mwanasosholojia Mark Granovetter aliandika juu ya jambo hili tangu mwaka 1973: habari za kazi mara nyingi hutufikia kupitia watu tunaojuana nao kwa mbali, kwa sababu walio karibu nasi wanajua yale yale tunayoyajua. Mwaka 2022 watafiti waliofuatilia watumiaji milioni 20 wa LinkedIn waliona kwamba miunganisho ya mbali kiasi ndiyo iliyosaidia zaidi kupata kazi.

Wiki zile zile alinijia mtu mwingine mwenye picha nzuri na nembo ya hoteli maarufu, akiniahidi kazi mara moja endapo nitamtumia dola za viza. Nilimwonyesha dada. Akaniambia nichukue anwani kutoka tovuti ya hoteli yenyewe niwaulize, nami nikafanya hivyo, hawakumjua. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, umeweka kanuni kwamba wakala wa ajira asimtoze mfanyakazi ada, na laiti kila kijana wa Pemba angelijua hilo kabla ya kuuza shamba la mikarafuu.

Usaili ulifanyika kwa video asubuhi, na saa za Doha ni sawa na zetu. Waliniuliza ningefanya nini wageni wawili wakifika saa nane ya usiku na chumba kimebaki kimoja. Nilikuwa nimeyaishi hayo, nikajibu bila kutafuta maneno.

Mkataba ulipofika, baba alitaka asomewe kifungu kwa kifungu. Kima cha chini cha mshahara Qatar kilikuwa kimewekwa mwaka ule ule, riyali 1,000 kwa mwezi, na 500 za malazi na 300 za chakula kama mwajiri hatoi vitu hivyo. Wangu ulizidi hapo, na malazi na chakula vilikuwamo. Alisikiliza yote, kisha akauliza, «Na paspoti yako atakaa nayo nani?» Mkataba haukusema. Niliwaandikia, wakajibu kwamba sheria ya Qatar inamkataza mwajiri kuishikilia na kwamba nitakaa nayo mwenyewe. Baba akataka jawabu hilo nalo lichapishwe. Tukaenda duka la fotokopi pale Wete, nikatia saini nakala mbili, moja nikaituma Doha, na ya pili, pamoja na jawabu la paspoti, akaichukua yeye.