Kanda nne katika basi la Mbeya

Mwishoni mwa 2001, wakati wa likizo ya Krismasi, nilipanda basi la alfajiri katika kituo cha Ubungo kwenda nyumbani Mbeya, nikiwa na kanda nne mpya za muziki kwenye mfuko wa koti. Nilizinunua Kariakoo kwa fedha niliyoipata kwa kujinyima chakula cha mchana chuoni: "Machozi Jasho na Damu" ya Professor Jay, "Nini Chanzo" ya Juma Nature, "Simulizi la Ufasaha" ya Gangwe Mobb na "Muziki na Maisha" ya Mr. II, yule tunayemwita Sugu. Zote zilikuwa zimetoka mwaka huohuo. Wapo wanaosema kilele cha rapu ya Kiswahili kilikuja baadaye, pesa na video zilipoongezeka, nami huwa nawasikiliza kwa adabu, lakini sijapata kushawishika.

Kwa wasioikumbuka hali ya siku zile, kanda ndiyo iliyokuwa njia ya muziki kusafiri. Studio kama Bongo Records ya P-Funk Majani zilitengeneza nyimbo, wasambazaji wa Kariakoo wakazinakili kwenye kanda, kisha mabasi na malori yakazipeleka mikoani. Redio za FM za Dar es Salaam, ambazo mjini zilipiga nyimbo hizo usiku na mchana, zilianza kukwaruza mara tulipoiacha Chalinze, na baada ya hapo hazikusikika kabisa. Kwa hiyo redio kaseti ya basi ndiyo iliyoamua wimbo gani ujulikane Mafinga au Makambako, na mtu aliyeishika redio hiyo alikuwa na mamlaka makubwa kuliko alivyodhani.

Mpaka Morogoro mamlaka hayo yalikuwa ya dereva, naye alikuwa mtu wa rumba ya Kongo. Sikuwa na ugomvi na rumba. Konda ndiye aliyekuwa nao. Alipopita kukagua tiketi aliona jalada la kanda mapajani mwangu, akasimama.

"Braza, hizo ni za biashara au za kusikiliza?"

Nilipomwambia ni za kusikiliza, alizichukua zote nne, akazitandaza mkononi kama karata, akaenda nazo mbele kuzungumza na dereva. Hapo ndipo mzozo ulipoanza. Konda mwenyewe alikuwa kijana wa Temeke, Dar es Salaam, walikotoka Juma Nature na Gangwe Mobb, na kwa mtu wa Temeke mwaka ule hapakuwa na mjadala: Juma Nature kwanza, Gangwe Mobb wafuate, wengine wasubiri. Vijana wa siti ya nyuma, waliokuwa wakirudi Mbeya kama mimi, walipiga kelele kwamba hakuna rapu bila Sugu, na kwamba bila yeye hao wa Temeke wasingejua hata wapi pa kuanzia. Kwa haki walisema kweli kwa sehemu kubwa, kwa kuwa "Hali Halisi" ya 1998 ndiyo iliyowaaminisha watu wengi kwamba rapu inaweza kusema shida za Mtanzania kwa Kiswahili cha Mtanzania. Dereva, aliyetaka kuendesha gari lake kwa amani, aliamua ipigwe ya yule ambaye hakuwa wa Temeke wala wa Mbeya. Hivyo Professor Jay akashinda kwa kukosa wa kumpigania.

Jirani yangu wa siti alikuwa mzee mmoja mstaafu wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ambaye tangu nilipomwamkia Ubungo alikuwa amejifunika gazeti. Muziki ulipobadilika alilishusha.

"Kijana, hawa ndio wale wahuni wa redioni?"

"Ndio hao, mzee wangu."

"Basi tutakoma leo," akasema, akalipandisha gazeti lake.

Tulikuwa tumeingia katika Hifadhi ya Mikumi, ambako barabara kuu hukatiza kwa kilomita zipatazo 50 na abiria huacha mazungumzo ili watafute tembo, pale "Ndio Mzee" ilipoanza. Redioni nilikuwa nimeusikia wimbo huo, lakini sikuwahi kuusikia kati ya watu wa rika zote waliobanwa mahali pamoja. Ni wimbo wa mkutano wa kampeni: mgombea anapanda jukwaani na kumwaga ahadi, kwamba wanafunzi watafanya mafunzo yao ya vitendo mwezini, kwamba polisi watapewa helikopta, na kila anapowauliza wananchi kama wanakubaliana naye, wanaitikia kwa pamoja, "Ndio mzee!" Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 2000 ulikuwa bado haujasahaulika, na kila mtu ndani ya basi alikuwa na mgombea wake kichwani. Kicheko kilianzia nyuma, kikapita katikati, kikamfikia hata dereva. Tembo, kama walikuwapo siku hiyo, hawakuonwa na mtu. (Miaka 14 baadaye, katika uchaguzi wa 2015, jimbo la Mikumi lilimpeleka bungeni Joseph Haule, yaani Professor Jay mwenyewe, kama Mbeya Mjini ilivyokuwa imempeleka Sugu mwaka 2010. Siku ile ningeambiwa hivyo, ningedhani ni beti nyingine ya wimbo.)

Tulipofika Ruaha Mbuyuni, ambapo wauza vitunguu huinua mafungu yao mpaka madirishani, abiria waliomba wimbo urudiwe, na mama mmoja aliyepandia hapo na magunia yake aliuliza mgombea huyo anasimama jimbo gani. Konda akarudisha kanda nyuma. Kisha tukaanza kupanda Kitonga.

Anayeujua mlima huo anajua kwamba hakuna basi linaloupanda kwa fahari. Tulijipanga nyuma ya msururu wa malori ya Zambia, gari likinguruma na kutetemeka, na katikati ya ahadi za mgombea sauti ya Professor Jay ikaanza kuwa nzito, ikavutika, ikazama. Redio kaseti ilikuwa imekula kanda. Konda alibonyeza, akachomoa, ukatoka utepe wa kahawia uliojikunja kama tambi, naye akanitazama kwa uso wa mtu aliyeua kuku wa jirani. Basi zima lililalamika. Nadhani ni aibu iliyomfanya asimame kwenye njia katikati ya siti, ainue mkono mmoja kama mheshimiwa, na kuendelea pale kanda ilipokatikia.

"Ndugu wananchi! Mkinipa kura zenu, Kitonga hii nitaisawazisha iwe tambarare kama Jangwani!"

"Ndio mzee!"

"Basi hili nitalifunga mbawa, Dar mpaka Mbeya dakika kumi, na soda juu!"

"Ndio mzee!"

Aliendelea hivyo mpaka tulipofika juu. Mama wa vitunguu aliahidiwa soko lenye kiyoyozi, vijana wa nyuma wakaahidiwa mke kila mmoja, na kila ahadi iliitikiwa kwa nguvu kuliko iliyotangulia, na sauti yangu ikiwamo. Mzee wa TAZARA peke yake hakuitikia. Hakuwa amekasirika, maana nilimwona akitabasamu, lakini mdomo wake ulibaki umefungwa, na kelele zilipopungua alinigeukia.

"Mwanangu, huyo kijana hamtanii mwanasiasa peke yake. Anatutania na sisi tunaoitikia."

Nilikuwa nimeusikiliza wimbo huo mara nyingi nikiwa na wenzangu chuoni, sote tukijiona mahodari wa kuchambua mashairi, na hakuna kati yetu aliyekuwa amesema hivyo. Sote tulimwangalia mgombea. Hakuna aliyewaangalia wananchi wa kwenye wimbo, wanaokubali kwenda mwezini kwa upesi uleule wanaokubalia jambo lolote. Sugu katika "Hali Halisi" alikuwa amesimama mbele yetu akatueleza tunavyoonewa, nasi tukamkubalia, kwa kuwa ni vizuri kuambiwa kwamba wewe ndiye unayeonewa. Professor Jay alifanya jambo gumu zaidi: alijiondoa, akamweka tapeli na umati wake waongee wenyewe, kisha akatuachia sehemu ya kuitikia tukiwa na furaha kabisa. Kwa sababu hiyo nauhesabu kuwa wimbo mkubwa kuliko zote za 2001, hata kuliko "Ni Wakati" wa Kalamashaka wa Dandora, Nairobi, ambao albamu yao ya jina hilo ilitoka mwaka huohuo, nami nikaja kuipata baadaye.

Tuliposimama kula Iringa, pale Ipogolo, mzee alikataa kushuka mpaka kanda itengenezwe. Alitoa kwenye mkoba wake bisibisi ndogo, kazi ya fundi haimtoki mtu, akafungua skurubu tano za kanda, akaikata sehemu iliyotafunwa kwa wembe alioununua dukani, akaunganisha ncha mbili kwa kipande cha selotepu kisichozidi upana wa kucha, huku akinikemea nisipumulie karibu. Ahadi moja ya mgombea ilipotea moja kwa moja katika upasuaji huo. Kanda hiyo ninayo bado, na kila inapofika pale inaruka.

Baada ya Iringa dereva hakutaka tena kuisikia hatari hiyo, na Temeke ikapata zamu yake. "Nini Chanzo" ilipigwa upande wa kwanza, wa pili, kisha ikarudiwa. Kama albamu nzima, na si kama wimbo mmoja, naiweka juu ya "Machozi Jasho na Damu", ambayo ina nyimbo za kujaza nafasi. Juma Nature hakuwa fundi wa hoja kama Jay, lakini sauti yake, ile ya mtu anayeimba huku akilalamika kwa jirani dirishani, ilibeba uswahilini wote, na ilikuwa haichoshi. Gangwe Mobb walipata nafasi kidogo kati ya Mafinga na Makambako. Katika wawili wa kundi hilo, Inspekta Haroun aliwachekesha watu, na Luteni Karama akawashinda kwa kasi ya maneno.

Mzee alishuka Makambako, akiniagiza nimnakilie "ile ya mheshimiwa" na kumpelekea kupitia mpwa wake aliyekuwa akifanya kazi stesheni ya Mbeya, na nilifanya hivyo kabla ya mwaka mpya. Sugu alipigwa mwisho kabisa, tulipokwisha kuipita Chimala, baada ya vijana wa nyuma kutishia kuandika barua kwa mwenye basi. Nyimbo zake mbili hazijaisha tukawa tumefika Uyole, konda akazima redio kaseti ili atangaze vituo, na wale vijana walishuka wakiwa bado wanamdai.