Kupima sikio na kupima jicho: ninachojifunza kutokana na mtihani wa Kiingereza wa vyuo vikuu vya China

Mwezi wa Juni na mwezi wa Desemba kila mwaka, mamilioni ya wanafunzi wa vyuo vikuu vya China hufanya mtihani mmoja wa Kiingereza unaojulikana kwa kifupi kama CET (College English Test). Una ngazi mbili, ya nne na ya sita. Ngazi ya nne ilianza mwaka 1987 na ya sita mwaka 1989, na wengi wanaoufanya hawasomei Kiingereza bali uhandisi, uganga, sheria au biashara. Mimi ninafundisha Kiingereza katika taasisi ya elimu ya juu hapa Lubumbashi, na kwa muda mrefu nimekuwa nikizisoma karatasi za mtihani huo na kuzitumia darasani. Ninazithamini kwa sababu waliozitunga wamelazimika kujibu swali ambalo sisi hatujaliuliza kwa dhati: je, mtu anayeelewa Kiingereza kilichoandikwa anakielewa pia kinaposemwa, na tutalijuaje hilo bila kumpima kwa njia mbili tofauti?

Hali ya wanafunzi wetu inalifanya swali hili kuwa zito. Wanaishi kwa Kiswahili, wanasoma kwa Kifaransa, na Kiingereza wanakutana nacho zaidi ubaoni na kwenye karatasi. Mtihani wa Serikali wanaoufanya mwishoni mwa shule ya sekondari hupima Kiingereza kwa maandishi peke yake. Mtahiniwa anaweza kupata diploma yake bila kusikiliza hata sentensi moja ya lugha hiyo. Lakini mji huu una njia inayoelekea Kasumbalesa, mpaka usiofika kilomita mia moja kutoka hapa, ambako madereva na mawakala wa forodha kutoka Zambia wanazungumza Kiingereza siku nzima. Una pia makampuni ya shaba na kobalti ambamo mhandisi Mchina na fundi Mkongomani hukutana kwa Kiingereza, lugha ambayo mara nyingi wote wawili walijifunza kwa vitabu. Tangu mwaka 2022 nchi yetu imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kijana anayetaka kazi au masomo Nairobi, Kampala au Kigali atahitaji masikio kabla ya kuhitaji kalamu.

Jambo la kwanza lililonivuta katika mtihani wa China ni mgawanyo wa alama. Katika muundo wa zamani ufahamu wa kusoma ulibeba asilimia 40 na wa kusikiliza asilimia 20 tu, na zilizobaki ziligawanywa kati ya msamiati, kujaza nafasi na insha. Mwaka 2004 wizara ya elimu ya huko ilitoa mwongozo mpya wa ufundishaji uliosisitiza kusikiliza na kuzungumza, na mabadiliko ya mtihani yaliyofuata tangu mwaka 2005 yalileta usawa: kusikiliza asilimia 35, kusoma asilimia 35. Huu ulikuwa uamuzi mkubwa kuliko hotuba yoyote kuhusu umuhimu wa lugha. Mwanafunzi anajua kuhesabu. Anapoona kwamba zaidi ya theluthi moja ya alama zake itatoka masikioni, atatafuta kitu cha kusikiliza, na mwalimu wake atalazimika kumtafutia. Kisichopimwa hufundishwa kwa dakika zinazobaki mwishoni mwa somo, na mara nyingi dakika hizo hazibaki.

Sehemu yenyewe ya kusikiliza inastahili kutazamwa kwa makini. Katika ngazi ya nne huchukua dakika 25 na ina maswali 25. Tangu mwaka 2016 ina taarifa tatu za habari, mazungumzo marefu mawili, na vifungu vitatu. Katika ngazi ya sita mahali pa taarifa za habari pamechukuliwa na vipande vya mihadhara. Sauti inachezwa mara moja tu. Karatasi inaonyesha majibu manne ya kuchagua, lakini swali lenyewe halikuandikwa: linasikika baada ya kifungu kwisha. Sehemu hiyo inapomalizika, karatasi ya majibu yake hukusanywa papo hapo, na hakuna nafasi ya kurudi nyuma kurekebisha. Katika vyuo vingi sauti inarushwa kwa masafa ya redio ya FM ndani ya eneo la chuo, na kila mtahiniwa anakuja na kipokezi chake cha masikioni, ili aliyeketi nyuma asikie sawa na aliyeketi mbele.

Kuna hekima katika kucheza sauti mara moja. Msomaji ni bwana wa wakati wake, kwa kuwa anaweza kusimama, kurudi kwenye mstari wa tatu, kuliruka neno gumu na kulielewa baadaye kwa msaada wa aya inayofuata. Msikilizaji hana uhuru huo. Maneno yanapita yakiwa yamebanana, sauti moja ikimeza nyingine, na anayesimama kutafakari neno moja anakosa sentensi mbili zinazofuata. Tukimchezea kifungu mara tatu au nne, kama tunavyofanya darasani kwa huruma, tunaanza kupima kumbukumbu na subira yake, huku uwezo wa kushika maana katika mwendo wa kawaida wa mazungumzo ukibaki bila kuguswa.

Hata hivyo, mabadiliko ya mwaka 2016 yaliondoa kitu ambacho mimi ninakisikitikia, yaani imla. Hapo awali mtahiniwa aliandika maneno na vifungu vya maneno alivyovisikia, na zoezi hilo lilionyesha mahali hasa ambapo sikio lilishindwa. Swali la kuchagua linaonyesha tu kwamba jibu ni sahihi au si sahihi, na kwa majibu manne mtu asiyesikia chochote atapata takriban sita kati ya 25 kwa bahati tupu. Imla haimruhusu kubahatisha. Ninapowapa wanafunzi wangu imla fupi, makosa yao yanafuata njia ileile kila mara: wanashika kiini cha neno na kupoteza ncha yake. Wakati uliopita unatoweka, wingi unatoweka, na kazi iliyokwisha kufanywa jana inaonekana katika daftari kama kazi ya kila siku.

Sababu yake inawagusa Wachina na sisi pia, ingawa kwa njia tofauti. Katika Kichina sanifu silabi huishia kwa irabu au kwa sauti chache sana za konsonanti, hasa zile za puani. Mrundikano wa konsonanti mwishoni mwa neno, ambao Kiingereza kinaupenda, haumo. Kiswahili nacho hupenda silabi iishie kwa irabu. Juu ya hayo, mwanafunzi wetu amefundishwa Kifaransa tangu utotoni, lugha ambayo herufi nyingi za mwisho huandikwa lakini hazitamkwi, na hivyo sikio lake limezoea kutotarajia chochote pale mwishoni. Kiingereza kimeweka habari zake muhimu mahali palepale: nani mmoja na nani wengi, lini sasa na lini zamani. Mwanafunzi huyohuyo akiona neno hilo limeandikwa hapati shida hata kidogo. Kwa hiyo alama yake ya kusoma haiwezi kutuambia lolote kuhusu udhaifu huu, hata tukimpa maandishi magumu namna gani.

Kwa upande wa kusoma nitasema machache, kwa kuwa hapo tuna uzoefu zaidi. Ngazi ya nne inatoa dakika 40 kwa mazoezi ya aina tatu. La kwanza ni kifungu chenye nafasi kumi na orodha ya maneno 15 ya kuchagua, na lina asilimia 5; wanafunzi wengi hulianza kwa kuyapanga maneno, majina huku na vitenzi kule, kabla ya kusoma kifungu chenyewe, na hivyo linapima sarufi zaidi ya ufahamu. La pili ni andiko refu ambamo mtahiniwa anatafuta aya inayolingana na kila kauli kati ya kauli kumi, na lina asilimia 10. Hili ninalipenda, kwa sababu linamdai msomaji aende mbio na kujua cha kuacha, jambo ambalo wanafunzi wetu, waliozoea kutafsiri neno kwa neno, hawajalizoea kabisa. La tatu, lenye asilimia 20, ni vifungu viwili vya kusoma kwa makini na maswali kumi ya kuchagua.

Maswali ya aina hiyo ya tatu yana jaribio rahisi ambalo ningependa kila mtunzi wa mitihani alifanye: wape wanafunzi maswali bila kifungu. Nimelifanya darasani kwa karatasi za Wachina na kwa karatasi zetu. Kuna maswali ambayo wengi waliyajibu sawasawa kwa akili ya kawaida tu, kwa sababu jibu moja lilikuwa la busara na mengine matatu yalikuwa ya ajabu, au kwa sababu mada ilikuwa inafahamika kwa kila mtu. Swali kama hilo halipimi usomaji, hata kama limeandikwa kwa Kiingereza kizuri. Karatasi za China zilistahimili jaribio hili kuliko zetu, ingawa nazo hazikutoka bila doa.

Namna alama zinavyotolewa ni somo jingine. Jumla ya juu ni 710, na tangu mwaka 2005 wanaoendesha mtihani hawatangazi tena kwamba huyu amefaulu na yule ameanguka. Ila anayetaka kufanya ngazi ya sita anatakiwa kuwa amefikisha 425 katika ngazi ya nne. Alama hizo zinamlinganisha mtahiniwa na kundi maalumu la wanafunzi waliopimwa kuwa kigezo, ambao wastani wao umewekwa kuwa 500, ili alama ya mwaka huu iweze kulinganishwa na ya mwaka uliopita hata kama karatasi moja ilikuwa ngumu kuliko nyingine. Lakini kilicho cha thamani zaidi kwangu ni kwamba cheti kinataja alama ya kusikiliza peke yake, ya kusoma peke yake, na ya kuandika pamoja na kutafsiri peke yake. Hapa kwetu mwanafunzi anapewa namba moja juu ya ishirini inayoitwa Kiingereza. Mwenye 12 anaweza kuwa msomaji hodari asiyesikia kitu, au kijana aliyelelewa mpakani anayezungumza vizuri na kuandika vibaya, na mwalimu wa mwaka unaofuata hataweza kuwatofautisha.

Sitaki kuupamba mtihani huu. Kwa miaka mingi vyuo vingi vya China viliifunga shahada kwenye ngazi ya nne, na shinikizo hilo lilizaa biashara kubwa ya vitabu vya mbinu, karatasi za zamani zinazorudiwa mpaka zikaririwe, na madarasa ambamo Kiingereza hakitumiki kwa lolote isipokuwa kujifunza kuchagua kati ya majibu manne. Mtihani wa kuzungumza, ulioanza mwaka 1999, unafanywa kando na hauingii katika zile 710. Mwanafunzi wangu wa zamani aliyerudi kutoka masomo ya uhandisi huko aliniambia, "Mwalimu, wenzangu walisoma makala za fani yetu kwa Kiingereza haraka kuliko mimi, lakini tukiwa mezani walikuwa wanaogopa kufungua mdomo." Nilimjibu, "Mwanangu, hata hapa ungewakuta wengi wa namna hiyo," naye akakubali.

Kwa kuyazingatia hayo, nimeanza kutenganisha karatasi mbili kwa wanafunzi wangu wa mwaka wa pili. Karatasi ya kusoma ina andiko refu la kutafuta habari na kifungu kimoja cha kusoma kwa makini, na maswali yake yamepitishwa kwanza katika lile jaribio la kujibu bila kifungu. Karatasi ya kusikiliza ina mazungumzo yanayosikika mara moja, kisha imla fupi. Sauti ninazozitumia si za Waingereza na Wamarekani peke yao. Nimeweka za Wazambia na za Wachina wanaozungumza Kiingereza, kwa sababu hao ndio watakaokutana nao. Maswali ya mazungumzo hujibiwa kwa maneno machache, na ninaruhusu majibu kwa Kifaransa au kwa Kiswahili. Baadhi ya wenzangu wanalipinga hilo. Ninalitetea kwa sababu moja: nikimdai aandike kwa Kiingereza na akakosea, sitajua kama kosa ni la sikio au la mkono, nami ninalipima sikio.

Tatizo ambalo bado linanisumbua ni chumba. Spika moja yenye betri inatuokoa umeme unapokatika, lakini kuta zinarudisha mwangwi na walio nyuma wanasikia vibaya kuliko walio mbele, na hapo alama inaanza kupima mahali pa kuketi. Hatuna redio ya chuo. Muhula ujao nitawagawa wanafunzi katika makundi madogo yatakayoingia kwa zamu, kila kundi likiwa na rekodi yake yenye ugumu unaokaribiana, na alama mbili, ya kusoma na ya kusikiliza, nitaziwasilisha kwa idara zikiwa zimetengana. Kama kuna mwalimu wa Bukavu, Goma au Kolwezi ambaye amekwisha kupata njia bora ya kulinganisha ugumu wa rekodi kati ya kundi na kundi, ninaomba aniandikie hapa chini kabla ya muhula huo kuanza.