Na mzee wao nani?

Jumamosi ya tarehe 21 Juni 2025 tuliondoka Nyegezi, Mwanza, na basi la alfajiri, wanaume watano na bahasha moja. Ndani ya bahasha mlikuwa na barua ya posa ya mdogo wangu, inakwenda Bukoba. Wanne kati yetu tulikuwa vijana, au tuseme bado tunajiita vijana. Wa tano alikuwa mjomba, mwalimu mstaafu, mshenga wetu. Bila yeye hata kukata tiketi kusingekuwa na maana. Nani afungue mlango kwa vijana watupu waliokuja kuomba mke?

Binamu yangu mdogo, anayesoma chuo kikuu cha SAUT, alipanda basi na jezi ya Oklahoma City Thunder, timu ya kikapu ya Marekani, mgongoni, namba 35, ya mtumba kutoka Mlango Mmoja. Hiyo ni jezi ya Kevin Durant, aliyeihama timu hiyo mwaka 2016. Nilimuuliza anavaaje jezi ya mtu aliyewakimbia. Akasema jezi nzuri haina kosa. Macho yake yalikuwa mekundu. Usiku wa kuamkia Ijumaa alikesha na simu akitazama Indiana Pacers wanawachapa Thunder 108 kwa 91, fainali ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, ikawa tatu kwa tatu, na mchezo wa saba wa kuamua umepangwa Jumapili usiku wa Marekani. Kwetu ni saa tisa usiku wa kuamkia Jumatatu. Kwa hesabu hiyo tungekuwa bado Bukoba, na posa imeshapita. Sidhani kama wazee walipopanga tarehe walijua walichotufanyia.

Usagara, kisha Kigongo, na hapo abiria wote wakasimama kuchungulia madirishani. Daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa limezinduliwa Alhamisi, juzi yake, na Rais Samia. Kilomita kama tatu za barabara juu ya maji, na sisi tulilivuka kabla kondakta hajamaliza kurudisha chenji. Wenye safari za Geita na Kagera wanajua kilichokuwa kinatokea pale: foleni, jua, kivuko kiko ng'ambo, mgonjwa yumo kwenye gari na hakuna la kufanya. Mjomba alionyesha upande wa Busisi akasema, "Pale nimelala, usiku mzima, na mitihani ya watoto kwenye begi." Nilifurahi, lakini nilijiuliza pia habari za akina mama waliokuwa wakiuza samaki wa kukaanga na mahindi kwenye foleni ile. Foleni ya mmoja ni duka la mwingine, na sikuona mtu aliyewakumbuka siku ya sherehe.

Kati ya Sengerema na Geita ndipo mazungumzo yalipoanza. Mjomba aliuliza hao Thunder ni watu gani hata wamnyime mtoto usingizi. Binamu akamwaga yote kwa pamoja: ndiyo timu iliyoshinda michezo 68 kati ya 82 msimu huu, ina watoto watupu, na wakichukua kombe watakuwa mabingwa wachanga kuliko wote tangu Portland ya 1977. Mimi nikaongeza kwamba Hasheem Thabeet wetu alivaa jezi hiyo kuanzia 2012, kwa hiyo Mtanzania ana haki ya kuishabikia bila kuulizwa. Hilo mjomba alilielewa upesi. Jina la Hasheem analijua kila mtu aliyekuwa na redio mwaka 2009, alipochaguliwa wa pili katika vijana wote waliokuwa wanaingia NBA.

"Sawa," akasema. "Na mzee wao nani?"

Binamu akacheka. "Hawana mzee, mjomba. Ndiyo raha yenyewe."

Mimi sikukubali, na tulibishana mpaka Katoro. Ni kweli Thunder ilijengwa kwa watoto na kwa subira ya ajabu. Mwaka 2019 walimtoa nyota wao Paul George kwenda timu ya Clippers. Wakapata kijana ambaye wengi hawakumjali sana, Shai Gilgeous-Alexander, pamoja na rundo la nafasi za kuchagua vijana wapya wanaoingia ligi miaka ya mbele. Moja ya nafasi hizo ndiyo iliyomleta Jalen Williams mwaka 2022. Katikati walipokea vipigo: ushindi 22 msimu mmoja, 24 uliofuata, halafu 40, halafu 57, halafu huu wa 68. Mashabiki wa kwetu, tunaotaka kocha afukuzwe baada ya sare mbili, tungeshachoma kadi za uanachama.

Lakini kumbuka ni nani alikuwa kiongozi wa chumba cha wachezaji Shai alipofika. Ni mkongwe Chris Paul. Alikaa Oklahoma City msimu mmoja tu, kijana akiwa pembeni yake anatazama. Na kiangazi cha 2024, walipoona watoto wamekomaa ila bado kitu kinapungua, walikwenda Chicago kumchukua Alex Caruso, mtu mwenye miaka thelathini na pete ya ubingwa aliyoipata na Lakers 2020, na kumtoa kijana, Josh Giddey. Katika mchezo wa saba dhidi ya Denver mwezi Mei, kazi ya kumkaba Nikola Jokić, jitu la mita 2.11, alipewa huyohuyo Caruso, mita 1.96, na Denver wakapigwa 125 kwa 93. Pale sikuona ujana ukishinda. Niliona mtu mzima anayejua mahali pa kuweka kiuno chake.

"Mmoja tu huyo," binamu akasema.

Basi nikamhesabia. San Antonio wana Victor Wembanyama, mtoto wa baba mwenye asili ya Kongo, na wana Stephon Castle, aliyechukua tuzo ya chipukizi bora msimu huu. Wakaenda kumchukua Chris Paul yuleyule, na akiwa njiani kutimiza miaka arobaini alianza michezo yote 82. Detroit walishinda michezo 14 tu msimu wa 2023–24, humo ndani wakipoteza 28 mfululizo. Msimu uliofuata wakashinda 44. Ndiyo, kijana wao Cade Cunningham amekua na kocha ni mpya, ila pia walisajili wakongwe kama Tobias Harris ili kijana asiwe peke yake. Houston hivyohivyo: kabla hawajapanda walimleta Fred VanVleet, bingwa wa Toronto 2019. Timu ya watoto ambayo haijapata mtu wa kumwambia mtoto "tulia" hubaki kwenye video za kusifiwa mtandaoni.

Mjomba aliridhika sana na jibu langu, kuliko nilivyopenda. Tulipopita Chato alikuwa amelala, na Muleba migomba ilipoanza kutuzunguka akaamka na kuanza kutufundisha jinsi ya kukaa mbele ya wazee wa Kihaya.

Posa yenyewe sitaisimulia. Mambo ya watu. Tulipokelewa, tulipewa kahawa ya kutafuna, barua ikapokelewa, na sisi wanne hatukufungua kinywa zaidi ya kuamkia. Mjomba alizungumza kila kitu. Kuna mahali aliulizwa swali ambalo mimi ningelijibu vibaya na tungerudi Mwanza mikono mitupu. Yeye alinyamaza, akameza kahawa, akauliza habari za marehemu fulani waliyesoma naye. Swali likapotea.

Jioni hiyo, Jumapili, tuko uani kwa wenyeji tunakula ndizi na sato, simu ya binamu ikaanza kuita ovyo. Durant ameuzwa. Phoenix wanampeleka Houston, na Houston wanamtoa Jalen Green, kijana wa miaka 23 aliyeongoza kwa pointi kwenye timu yao, pamoja na Dillon Brooks na nafasi za kuchagua vijana. Saa chache kabla ya mchezo wa saba! Mtu wa miaka 36, ambaye mwaka 2012, akiwa na 23, aliwafikisha haohao Thunder fainali wakapigwa na Miami nne kwa moja. Houston walikuwa wamemaliza wa pili kanda ya Magharibi kwa ushindi 52, kisha wakatolewa raundi ya kwanza na Golden State ya Stephen Curry na Jimmy Butler, wakongwe waliowashinda kwa akili. Wakaona waende sokoni wakanunue dawa ileile iliyowaumiza. Binamu aliitazama jezi yake namba 35 na kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa na la kusema. Mimi nilikuwa nalo, na nililisema kwa sauti.

Saa tisa usiku tulikuwa sebuleni, watatu na kompyuta moja, bando limegawanywa kutoka kwenye simu, sauti chini ili tusiwaamshe wenyeji. Tyrese Haliburton wa Indiana alianza kwa moto: alishatupia mipira mitatu ya pointi tatu robo ya kwanza haijaisha. Kisha akaanguka bila kuguswa na mtu, akaanza kuupiga mkono wake sakafuni. Kano ya kisigino. Binamu, shabiki wa Thunder, alisimama akashika kichwa. Hakuna aliyeshangilia sebuleni mle.

Indiana hawakufa papo hapo. Walikwenda mapumziko wakiongoza 48 kwa 47, na nafikiri hilo watu watalisahau kwa sababu matokeo ya mwisho yanalificha. Robo ya tatu Thunder waliwabana. Mpira ukawa unaponyoka mikononi mwa Indiana, pasi inanaswa, kijana anakimbia peke yake. Mwisho 103 kwa 91, Shai na pointi 29 na pasi 12 za mabao. Kombe la kwanza kwa jiji hilo tangu timu ihamishwe kutoka Seattle mwaka 2008.

Mjomba alikuwa ameamka kwa ajili ya swala ya alfajiri. Alipita, akasimama nyuma yetu, akaona Haliburton akirudiwa kuonyeshwa. Akauliza kama alikuwa mzima alipoanza. Nikamwambia hapana, mguu huohuo ulikuwa unamsumbua tangu mchezo wa tano. "Hakuna aliyemwambia akae?" Nikatafuta jibu. Indiana walikuwa na mkongwe wao, Pascal Siakam wa Kameruni, bingwa wa 2019, mtu mtulivu kuliko wote uwanjani. Walikuwa na madaktari. Na bado kijana alitaka kucheza, na mimi ningekuwa yeye ningecheza. Mjomba alitikisa kichwa akaenda kutawadha.

Tulirudi Mwanza kwa meli, MV Victoria, Jumatatu hiyohiyo usiku. Tulitaka kulala tu, lakini Kemondo waliposimama kupakia ndizi usingizi ulikatika, na kwenye mabenchi ya daraja la tatu kulikuwa na kundi la wanafunzi waliokuwa wanabishana jambo letu lilelile. Aliyekuwa anaongoza ni msichana mrefu anayecheza kikapu, mazoezi yake Mirongo. Alikuwa anahesabu kwa vidole: Toronto, Lakers, Milwaukee, Golden State, Denver, Boston, Oklahoma City. Misimu saba, mabingwa saba tofauti. "Zamani ulikuwa unamchagua mchezaji unakaa naye miaka kumi. Siku hizi ukilala unaamka mfalme mwingine." Sababu yake ilikuwa pesa, na alikuwa sahihi: mkataba wa 2023 kati ya ligi na wachezaji umewabana matajiri. Timu ikivuka kiwango cha juu kabisa cha mishahara haipigwi faini tu, inafungwa mikono hata katika kubadilishana wachezaji. Kwa hiyo anayeweza kulea vijana wa mshahara mdogo ndiye anayepumua. Akasema hata ligi ya Afrika, BAL, imekuwa hivyo: misimu mitano, mabingwa watano, mwezi ule ni Al Ahli Tripoli ya Libya. Na Mei alikuwa Kigali kuwatazama Nairobi City Thunder, Wakenya wa kwanza kufika huko. Kutoka Mwanza, Kigali ni karibu kuliko Dar, alisema, na watu hawalifikirii.

Nikamletea hoja yangu ya mzee. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa, kisha akasema, "Kaka, Phoenix walikuwa na Durant huyohuyo. Na Booker. Na Beal. Wameshinda michezo mingapi?"

Thelathini na sita. Hata kwenye mchujo hawakufika.

"Basi mzee akiingia nyumba isiyo na watoto wa kufundisha ni gharama tu," akasema, na wenzake wakacheka. Binamu ndiye aliyecheka zaidi. Nilijaribu kusema kwamba hiyo haiondoi hoja yangu, inaichonga tu, lakini muda wa kuchonga ulikuwa umepita. Ilibidi nigeuze habari, nikamuuliza msimu ujao anaona nani.

"Detroit."

Nilisema San Antonio, maana wiki ile walikuwa wanachagua kijana mpya wa pili baada ya Dallas, na Wembanyama akipona damu iliyomganda begani hakuna wa kumzuia. Akasema San Antonio bado, Detroit ndio, na watavuka ushindi 50. Nilimwambia hawavuki. Meli ilipofunga gati Mwanza asubuhi tulikuwa tumeshawekeana dau, sato mkubwa wa soko la Mwaloni, wa kuchoma, na mjomba akaandika jina lake kuwa shahidi nyuma ya tiketi ya meli.