Basilika ya Mtakatifu Petro bila wakala: mimi na shangazi kutoka Bagamoyo

Kabla hatujaondoka Bagamoyo kila mtu alikuwa bingwa wa Roma. Katibu wa jumuiya, fundi pikipiki, hata muuza kahawa wa stendi ambaye sidhani kama amewahi kuvuka Ruvu. Wote neno lao lilikuwa moja: bila wakala wa safari hamuingii Basilika ya Mtakatifu Petro, tena msimu wa Juni dunia nzima iko kule. Wakala mmoja akatupa bei ya "kuingizwa kanisani bila foleni", nikaiangalia nikaona hela hiyo naezeka chumba na sebule na mabati yanabaki. Nikamshukuru, nikamfuta kwenye simu.

Nisieleweke vibaya, mimi mwenyewe naishi kwa kuongoza wageni. Nawapeleka Misheni, ile ya Wakatoliki hapa Bagamoyo, nawaonyesha mnara wa kanisa la 1872 ambako mwili wa Livingstone ulilazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar, nawapitisha kwenye mbuyu, halafu magofu ya Kaole. Kwa hiyo mwongozaji mzuri namheshimu. Lakini nawajua pia wale vijana wanaomdaka mgeni akishuka tu kwenye gari, wakamwambia makumbusho leo yamefungwa, njoo nikupeleke kwingine. Roma nimewakuta ndugu zao.

Habari za viza sizirefushi: taarifa za benki, bima, barua ya paroko, uvumilivu. Malazi tulipata nyumba ya masista, bei ya wastani, mradi usirudi usiku wa manane maana geti hufungwa.

Sasa mshauri aliyetutesa kweli alikuwa kiongozi mmoja wa kwaya. "Nendeni Jumatano," alisema, "safari moja mambo mawili. Mnamwona Papa uwanjani mbele ya kanisa, mkitoka hapo mnaingia kanisani." Ukisikia unaona ni hekima tupu. Tiketi za kumwona Papa ni bure kweli. Tulizichukua jana yake kwa walinzi wa Papa, wale Waswisi, pale Mlango wa Shaba, wale wenye mavazi ya mistari ya bluu, njano na nyekundu. Shangazi akamwamkia mlinzi "Tumsifu Yesu Kristo" kwa sauti ya kanisani. Kijana wa watu hakuambulia neno, lakini alicheka vizuri na tiketi akatoa.

Jumatano tukaenda, Papa tukamwona, kwa mbali lakini tukamwona. Tatizo likaanza hapo. Wakati Papa yuko uwanjani na mahujaji, Basilika hufungwa kwa wageni asubuhi ile mpaka shughuli iishe. Ikiisha, uwanja mzima unageuka kuwa foleni moja. Ilizunguka zile nguzo za Bernini zinazouzunguka uwanja (ziko 284, na mimi nilipata muda wa kuzihesabu) na jua la saa saba liko utosini. Shangazi akavua kiatu kimoja, akasimama juu yake, akanitazama.

"Baba, huyo mtu wa kwaya amewahi kufika huku?"

"Hajawahi, shangazi."

"Nilijua."

Hapo ndipo akaja jamaa mmoja, kitambulisho kinaning'inia shingoni, mwavuli mkononi. Foleni itawachukua masaa matatu, akasema, kwangu dakika kumi, kama euro hamsini kwa kichwa. Angalieni aliposimama: mahali ambapo unaona mkia wa foleni lakini kichwa hukioni. Vijana wa kwetu husimama vivyo hivyo, kwenye kona ambayo mgeni bado hajaona bango la makumbusho. Nikampa mkono, nikaanza kumsalimu kwa Kiswahili. Habari za nyumbani? Watoto hawajambo? Wazee je? Mvua huku zimenyesha? Kila akianza bei yake mimi namuuliza habari za mama mkwe. Alichoka mwenyewe, akaondoka akiongea na mwavuli wake. Ujanja huo nimeutumia mji mzima na haujaniangusha.

Jua nalo halina mama mkwe. Tukaacha foleni, tukarudi kulala.

Aliyetuokoa ni sista mmoja wa Songea anayefanya kazi pale tulipofikia. Alituambia jambo ambalo wakala hawezi kukuambia: kuingia Basilika ni bure, na foleni yote ile ni ya ukaguzi wa usalama tu, mashine kama za uwanja wa ndege. Mlango unafunguliwa saa moja asubuhi. Wageni wa mahoteli saa hiyo ndio kwanza wanatafuta mayai. Basi tukaamka giza, tukatembea kwa miguu, na saa moja kasoro tulikuwa na watu wachache mbele yetu, wengi mapadre na masista. Ukaguzi ulimalizika kabla shangazi hajamaliza fungu moja la rozari. Mtu asikudanganye uende saa nne.

Jingine ni mavazi. Mabega na magoti yafunikwe, mwanamume au mwanamke, na pale mlangoni hawana utani. Mbele yetu alikuwepo binti mmoja wa Kizungu, fulana ya kamba, akazuiwa. Machozi yanamlenga. Shangazi hakuuliza mtu. Akafungua mkoba, akatoa khanga ya pili ya doti yake (yeye hasafiri na kipande kimoja), akamfunga binti mabegani, akampigapiga mgongoni, "haya twende". Mlinzi akawapisha wote wawili. Wakaingia Basilika ya Mtakatifu Petro wamevaa sare kama wana shughuli ya harusi, na mgongoni kwa kila mmoja: JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Nina picha. Nitaitundika sebuleni.

Ndani sitawaeleza ukubwa, sina maneno. Nitasema tu kwamba ujenzi wake ulianza 1506 na kanisa likatabarukiwa 1626. Sisi kanisa la Misheni la mwaka 1914 bado tunaliita jipya, na kamati ya ujenzi ikichelewesha choo miezi sita tunaitisha kikao. Ukiingia, kulia kuna Pietà ya Michelangelo, sanamu ya Bikira Maria amempakata Yesu aliyekufa, nyuma ya kioo kinene tangu mtu alipoivamia kwa nyundo 1972. Watu wote wanarundikana pale na simu juu. Kikanisa kinachofuata ndicho chenye kaburi la Papa Yohane Paulo wa Pili. Shangazi alimwona kwa macho yake alipokuja Tanzania Septemba 1990, akiwa msichana. Akapiga magoti, nikajua hapo mimi sina ratiba tena. Kama unataka utulivu msimu huu wa watu, tafuta kikanisa cha Sakramenti, kile chenye pazia. Ni cha kusali tu, picha marufuku, kwa hiyo wapiga picha hawaingii.

Kuba nilipanda peke yangu. Shangazi alikataa: binti alikuwa amepotelea kwenye watu na khanga, na doti haivunjwi. Akabaki anavizia njia ya kutokea. Ngazi ni 551; ukilipa nyongeza kidogo lifti inakufikisha kwenye paa, zinabaki 320. Bei ni kama euro kumi na kitu, sikumbuki vizuri. Hizo za mwisho ndizo zenye kazi, maana unapita katikati ya magamba mawili ya kuba, ukuta unakulalia, unatembea umeinamisha mwili upande, na pale juu kabisa ngazi inazunguka na cha kushika ni kamba tu. Mwenye presha asijaribu. Yale maandishi yanayozunguka ndani ya kuba, ambayo kutoka chini unaona ni ya kawaida, ukiyafikia herufi moja ina kimo cha mita mbili hivi.

Niliposhuka nilimkuta shangazi ana khanga zote mbili, na picha na binti.

Msichanganye Basilika na makumbusho ya Vatikani. Kikanisa cha Sistina kiko makumbusho, mlango wake uko upande mwingine kabisa wa ukuta, na huko mnalipa na mnakata tiketi mapema. Wengi wanapanga foleni ya uwanjani wakidhani watatokea Sistina. Na maji msinunue, mabomba ya barabarani yanatoa maji baridi ya kunywa bure mchana kutwa.

Na kama Papa ndiye mnayemtaka, basi Jumapili saa sita kamili mchana, akiwa Roma, yuko dirishani kusali Malaika wa Bwana. Haihitaji tiketi. Dirisha liko kulia mwenu mkilitazama kanisa, ghorofa ya juu, la pili kutoka mwisho. Nimeshamweleza na yule kiongozi wa kwaya. Akaniambia alikuwa analijua hilo siku zote.