Siku moja maishani mwangu: mpanga vichwa vya sura

Nikiulizwa nafanya kazi gani, nikajibu kwamba naweka vichwa vya sura kwenye vitabu vya kidijitali, watu husubiri nimalizie sentensi. Imeshaisha. Hiyo ndiyo kazi.

Saa 2 asubuhi. Vitabu viwili vyepesi. Waandishi wake walitumia mitindo ya vichwa, ile inayoiambia kompyuta kwamba hiki ni kichwa, tangu rasimu ya kwanza, kwa hiyo orodha ya yaliyomo imejitengeneza yenyewe. Kufikia saa 4 nimeshavituma, nikiwaombea heri kimoyomoyo.

Saa 4. Kitabu cha historia, kurasa 412. Ukikitazama, kinapendeza. Ukikifungua kwa ndani, hakina kichwa hata kimoja. Kila unachodhani ni kichwa ni aya ya kawaida iliyokolezwa wino na kuongezwa ukubwa wa herufi. Jicho linaelewa, kompyuta haielewi. Kwake hiyo ni sentensi fupi tu iliyonenepa.

Msomaji asiyeona hufungua kitabu kwa kisoma skrini, programu inayomsomea kwa sauti yaliyo kwenye skrini. Kwa NVDA, mojawapo ya programu hizo, akibonyeza H anaruka hadi kichwa kinachofuata. Akibonyeza 1 anatafuta kichwa cha ngazi ya 1, akibonyeza 2 cha ngazi ya 2, hivyo hivyo hadi 6. Kwenye kitabu hiki angebonyeza H na kuambiwa hakuna kichwa mbele. Akitaka sura ya 9, itabidi apapase mstari kwa mstari katika sura nane asizozihitaji. Wewe mwenye macho ungefunua kurasa tu.

Basi naanza kuvipa vichwa ngazi kimoja kimoja: jina la sura h1, yaani ngazi ya 1, sehemu h2, kijisehemu h3, bila kuruka ngazi. Njiani nakutana na vituko. Msanifu aliachanisha herufi za neno SURA ili lipendeze, kwa hiyo sauti inalitaja herufi moja moja kama mtoto anayejifunza kusoma. Kichwa cha sura ya 7 ni picha isiyo na maelezo. Jina la kitabu, lililokuwa juu ya kila ukurasa wa chapa, limebaki katikati ya maandishi na linakata sentensi kila baada ya muda. Isitoshe, faili imetambulishwa kuwa ya Kiingereza wakati kitabu ni cha Kiswahili, kwa hiyo "wakoloni" wanatamkwa kama jina la dawa ya kikohozi.

Saa 6 mchana nampelekea mteja sura tatu za mfano. Simu inaita kabla sijanyoosha mgongo.

"Ndugu yangu, mbona vichwa vimekuwa vikubwa hivi?"

Namwambia ukubwa unarekebishwa kwenye faili ya mitindo, asiwe na wasiwasi.

"Nimejaribu mwenyewe. Nikiweka h4 vinakaa vizuri. Weka h4 kote."

Namweleza kwamba h4 si saizi ya herufi, ni cheo. Ukianza na h4, msomaji anayetafuta ngazi ya 1 ataambiwa haipo, na atadhani kitabu kimefika nusu. Anasema ameelewa. Kisha anaomba lile shairi la mwanzo wa sura ya 2 nalo liwe h1, kwa sababu anataka lionekane. Mishororo minane, yote kichwa! Namkatalia kwa adabu.

"Lakini yaliyomo si yapo mwanzoni?"

Yapo, yamechapwa kwa mkono, bila kiungo hata kimoja, na vile vinukta vya kufikia namba ya ukurasa. Namwekea sauti aisikie: jina la sura, nukta, nukta, nukta, nukta. Anacheka. Mimi sicheki.

"Na hao wasioona, hata hivyo, si hawauoni huo ukubwa? Sasa tatizo liko wapi?"

Hapo nanyamaza kidogo. Namwomba azime skrini yake, aache kipanya, anitafutie sura ya 9 kwa vishale vya kibodi. Namsikia akibonyeza na kubonyeza. Baada ya muda anauliza, "Hapa niko wapi?" Hata mimi sijui. Tunaagana saa 7 na nusu. Neno lake la mwisho: "Sawa, lakini punguza ukubwa."

Baada ya hapo saa zinaniponyoka. Narudi kwenye kitabu na uvumilivu umepungua, kwa hiyo nafanya nisichopaswa kufanya: natafuta kila mstari uliokolezwa kwa saizi 18 na kuugeuza h2 kwa mkupuo mmoja. Napitisha EPUBCheck, inayokagua kama faili ya kitabu imeundwa sawasawa, halafu Ace, inayokagua ufikivu. Tangu 28 Juni 2025, sheria ya ufikivu ya Ulaya ilipoanza kutumika hata kwa vitabu vya kidijitali, wateja wengi wanataka ripoti safi tu. Ace inanasa ngazi iliyorukwa. Lakini zana hizi haziwezi kujua kama kichwa ni kichwa kweli.

Anayejua ni mwenzangu asiyeona, mkaguzi wetu, anayesikiliza kwa kasi ambayo mimi siambulii neno. Jua limeshazama anaponitumia ujumbe: "Dada, sura ya 11 ina mlango, chumba hakuna."

Natazama sura ya 11 mara tatu. Sioni kitu. Nazima skrini, navaa vipokea sauti, nabonyeza H. Kichwa, ngazi ya 2. Kimya. Nawasha, nafungua msimbo: nukta moja nyeupe juu ya ukurasa mweupe, imekolezwa, saizi 18, ambayo msanifu aliiweka ili kusukuma mstari chini. Mkupuo wangu wa mchana uliipa cheo.

Naifuta. Nazima tena skrini na kuanza sura ya 1, H, H, H. Zilikuwepo nyingine sita.