Mita ya elfu thelathini na tano imeniokolea hela ya nozo

Basi kagari kangu ka Toyota IST kalikuwa hakavuti, ukikanyaga mafuta kanalia tu. Fundi akanipigia hesabu ya nozo (zile zinazomwaga mafuta kwenye injini) 4 za mtumba, eti hizi zimechoka zinafunguka muda wote. Nikamwambia subiri kwanza.

Nikaenda Kariakoo nikachukua mita ya kupimia umeme yenye alama ya asilimia, elfu 35 baada ya kubishana sana. Nozo ina waya mbili, mmoja una umeme muda wote ukiwasha switchi, wa pili kontroli boksi (kompyuta ya injini) inauvuta kwenye ethi, yaani negativu, pale inapotaka nozo ifunguke. Nikachomeka pini nyuma ya plagi kwenye huo wa pili, nikaishikisha na waya mwekundu wa mita, waya mweusi wa mita kwenye negativu ya betri, nikawasha gari. Mita: 98. Nikasema fundi yuko sahihi, nimekwisha!

Kumbe nilikuwa nasoma kinyume, pale mita inahesabu muda ambao nozo IMEFUNGWA (ndo muda waya huo una umeme), kwahiyo ilikuwa inafunguka 2% tu. Na ukipiga hesabu inakubali, kwenye sailensi (injini inanguruma bila kukanyaga mafuta) ya 750 kwa dakika, mzunguko mzima wa injini, yaani kuzunguka mara mbili, ni milisekunde 160, nozo inamwaga kama milisekunde 2 na kitu. (Mita za bei chee huwa zinachezacheza kwenye sailensi, usipanik.)

Ila kupiga resi gari imesimama hakukwambii kitu maana injini haina mzigo. Nikamchukua dogo ashike mita, tukaenda kupandisha mlima wa Pugu, gia ya 2, mguu mpaka chini. Kwenye resi ya 5000 dogo anapiga kelele "arobaini na tano!" huku kang'ang'ania mlango, yaani nozo iko wazi 55%. Ingekuwa wazi 85% huko ndo ningeanza kuogopa.

Sasa hiyo asilimia ni amri ya kontroli boksi, haikwambii nozo inamwaga vizuri au imeziba. Ila kama boksi lenyewe linaagiza mafuta kidogo hivyo na mguu uko chini, mi nikahisi hewa haiingii. Nikafungua boksi la filta ya hewa jamani, vumbi limeganda kama chapati. Nikaweka mpya, tukarudi mlima uleule, dogo akasoma 38, yaani wazi 62%, na safari hii alikuwa anacheka.

Ah, na kama yako ni D-4 (injini ya Toyota inayomwaga mafuta moja kwa moja ndani ya silinda) usichomeke chochote, nozo zile zina volti kubwa.