Nilivyosanifu kituo cha mianzi Chamwino

Ushauri wa kwanza niliopewa nilipoanza kusanifu kituo cha utalii wa elimu huku Chamwino, mkoani Dodoma, ulikuwa nijenge kila kitu kwa mianzi, kuanzia ukuta hadi paa, ili kipendeze kwenye picha. Niliufuata, nao ukanipotezea msimu mzima.

Niliagiza mianzi minene ya kijani kutoka Morogoro, iliyokatwa masika ikiwa bado imejaa maji, nikasimamisha banda la darasa. Mwezi wa pili baada ya ujenzi nilikuta unga laini, mfano wa uwele uliosagwa, umejikusanya chini ya kila nguzo. Tulifagia asubuhi, jioni tukaukuta tena. Nilipopasua nguzo moja niliona vijitundu vinavyopishana kila upande, kwa sababu wadudu bungua walikuwa wakila wanga wa mwanzi uliokatwa mbichi. Nguzo zilizonusurika zilipasuliwa na upepo mkavu wa Julai, hasa pale tulipopigilia misumari. Siku hizi tunatoboa kwa keekee kisha tunafunga kwa kamba.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja kutoka Iringa, fundi wa matenga. “Mwanangu, mwanzi hukatwa kiangazi, tena uliotimiza miaka mitatu,” aliniambia, akinionyesha kwamba mwanzi mchanga bado una vumbi jeupe kwenye ganda, ilhali uliokomaa una madoa ya kijivu na ukiugonga hulia kavu.

Dawa ya kuzuia bungua ni kilo 3 za boraksi na kilo 2 za asidi ya boriki katika lita 100 za maji. Wengi huchimba bwawa la kulowekea, lakini kwetu maji ni ya kununua kwa madumu. Basi tulichukua nondo ndefu, tukatoboa vifundo vyote kwa ndani isipokuwa cha mwisho, tukasimamisha mianzi wima na kuijaza dawa kama chupa, tukiiongeza kila ilipopungua. Baada ya wiki mbili tulitoboa kifundo cha mwisho, tukakinga dawa kwa ndoo na kuitumia tena. Kazi yote haikuzidi laki sita, nami najivunia sana kwamba mwaka wa tatu huu unga haujaonekana.

Kuta nilizirudishia mtindo wa tembe, nyumba ya udongo ya Wagogo, kwa kuwa udongo mnene huzuia joto la mchana. Mianzi ikabaki kwenye vibanda vya kivuli, viti na karakana ya kusuka nyungo. Nilikuwa pia nimechora jukwaa, lakini bibi anayeongoza kina mama wapigao muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, alikataa. “Mjukuu wangu, sisi huchezea chini, kwenye udongo.” Nilifuta jukwaa, nikaacha uwanja.

Nguzo ile iliyoliwa nimeiweka mlangoni. Wanafunzi wakishaamkiwa kwa “Mbukwenyi!”, salamu ya Kigogo, huanzia hapo: mmoja huigonga, unga huanguka kiganjani, na maswali huanza kabla mwalimu hajasema neno.